Posta ya takwimu kwa kijana wa grafiki Moshi: uzoefu wangu baada ya mara tatu

Mara ya kwanza nilimlipa kijana elfu ishirini na tano anichoree picha ya takwimu ya kuposti mtandaoni. Mara ya pili elfu kumi, tena baada ya kuvutana. Mara ya tatu alinifanyia kwa soda baridi. Kwa hiyo ninamsema kama mteja, si kama mpita njia. Jina lake silitaji, maana kijana anatafuta riziki na mimi bado nitarudi kwake.

Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani, maeneo ya Double Road hapa Moshi. Kompyuta mbili, printa moja, na feni inayopiga kelele kama mashine ya kukoboa. Kazi zake za kila siku ni kadi za harusi, mabango ya misa za shukrani, na sura za wagombea ikifika uchaguzi. Mimi nilimpelekea karatasi yenye namba nne.

Ni admini wa ukurasa na grupu la watu wa kata yetu, waliobaki mlimani na waliotawanyika Dar, Mwanza mpaka ng'ambo. Tunaposti misiba, michango, na picha za kilele cha Kibo kikiwa kimejifunua asubuhi. Sasa nikaona siku moja niwawekee kitu cha kufikirisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 mkoa wa Kilimanjaro na 1,694,310 mkoa wa Arusha. Yaani tulikuwa bega kwa bega, wametuzidi elfu hamsini na nne tu. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, sisi tukawa 1,861,934, wenzetu 2,356,255. Karibu laki tano zaidi yetu, ndani ya miaka kumi. Nilidhani hizo namba zikichorwa vizuri, mtu ataguna mwenyewe bila kuambiwa.

Kijana aliniuliza, "Kaka, unataka ya kiofisi au ya kisasa?" Nikasema ya kisasa. Hilo kosa ni langu.

Kazi yenyewe alifanya haraka, saa mbili tu, nami nimekaa pale kwenye benchi. Kwa mapambo, jamaa anajua. Nyuma aliweka Mlima Kilimanjaro upande mmoja na Meru upande wa pili, mbele nguzo mbili zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Kilimanjaro kijani, Arusha nyekundu. Alizitumia namba za 2022 peke yake, akasema nguzo nne zingebanana. Nikaona imependeza, nikalipa, nikaposti nikiwa bado kwenye ngazi.

Dakika ya tatu, komenti ya kwanza: "Simba kaongoza." Ya pili: "Subirini mzunguko wa pili, Wananchi tunakuja." Nikabaki nimeshika simu. Nyekundu na kijani, bwana! Katika nchi hii huwezi kuziweka rangi hizo mbili zikitazamana halafu utegemee watu wazungumze habari za uzazi na uhamiaji. Komenti kumi na kitu za mwanzo zilikuwa mpira mtupu.

Kisha akaja dada mmoja wa Mbezi akaandika lile jambo ambalo ningelijua ningekuwa nimefikiri kidogo: "Sensa mlifanya Agosti. Mngesubiri Desemba tuje kuhesabiwa." Hapo grupu likalipuka. Kwa asiyefahamu, Wachaga tukipanda mlimani kwa Krismasi nchi nzima husema tunakwenda kuhesabiwa, na barabara ya kutoka Dar hujaa mpaka unachoka kuhesabu magari. Utani, lakini ndani yake kuna hoja ambayo posta yangu haikuigusa: sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mchaga aliyelala Mbezi usiku ule ni namba ya Dar es Salaam. Ile komenti moja ilieleza takwimu kuliko posta yote ya elfu ishirini na tano.

Baada ya hapo kila mtu akatafuta kwao. "Rombo tuko wangapi?" "Same mmeiweka humo au mmeiachia Tanga?" "Siha je?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini Arusha imekua. Walichotaka ni kujiona. Mwanzoni nilichukia, nikasema watu wetu hawajui kusoma grafu. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa mwaka 2019 wa Evan Peck na wenzake, watafiti wa namna watu wanavyosoma michoro ya takwimu. Waliwaonyesha watu 42 wa vijijini Pennsylvania, Marekani, michoro kumi kuhusu dawa za kulevya, wakawaomba waipange kwa jinsi wanavyoona ina manufaa. Baadhi ya watu waliwakuta kwenye soko la wakulima, kama vile uende soko la Mbuyuni hapa Moshi na makaratasi yako uwasimamishe akina mama wa ndizi. Na kule nako mtu alivutwa na mchoro uliogusa maisha yake, eneo lake, ndugu yake aliyeathirika. Kumbe wa Rombo na wa Pennsylvania ni walewale.

Aibu yenyewe ilikuja jioni. Mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia, ambaye kwenye grupu huwa anasoma tu na kunyamaza, akaandika: "Admini, shikamoo huniamkii, sawa. Lakini nguzo zako zinaanzia wapi?"

Nikamwamkia, kisha nikaifungua picha upya. Simuni nilikuwa nimeipata kupitia WhatsApp, na WhatsApp huibana picha, kwa hiyo yale maandishi madogo ya kijivu pembeni mwa nguzo yalikuwa yamegeuka mchanga. Ikabidi nitoe nakala niliyochapishiwa pale ofisini. Nikachukua rula ya mwanangu. Nguzo ya Kilimanjaro sentimita tatu na milimita sita. Nguzo ya Arusha sentimita nane na milimita sita. Nikapima tena, nikidhani nimeanzia kwenye ukingo wa rula badala ya kwenye sifuri. La. Arusha ilikuwa imetuzidi zaidi ya mara mbili kwa macho, wakati kwa watu wametuzidi kama robo na kitu tu. Chini kabisa ya nguzo, kwenye ule mchanga wa kijivu, palikuwa pameandikwa 1,500,000. Kijana alikuwa amekata miguu ya nguzo zote mbili akabakiza vichwa.

Kwenye mchoro wa mstari unaweza kuanzia juu ya sifuri, kwa sababu jicho linafuata mpando na mteremko. Nguzo ni kitu kingine. Nguzo inasema kwa urefu wake wote, kuanzia ardhini. Ukiikata chini umebadilisha neno lenyewe, hata kama namba uliyoiandika juu yake ni sahihi. Na ubaya ni kwamba watu zaidi ya mia walikuwa wameshaitazama, wametaniana, wameituma kwenye magrupu mengine, na mmoja tu ndiye aliyeuliza inaanzia wapi.

Kesho yake nikapanda ngazi nimekunja uso. Nilitegemea aombe radhi. Jibu lake: "Kaka, nikianzia sifuri nguzo zinakaribia kulingana. Nani atasimama kutazama?"

Nikamwambia atengeneze hivyohivyo, aanzie sifuri, abadilishe rangi, aweke na chanzo chini kwa sababu mtu mmoja alishauliza "hizi namba za nani?" na kweli hakuandika popote kwamba ni za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tukavutana bei, maana kwangu yale yalikuwa marekebisho na kwake ilikuwa kazi mpya. Elfu kumi. Akaniwekea nguzo mbili za bluu na kahawia, safi, za kweli. Nikaposti pamoja na maelezo kwamba ile ya jana ilikuwa na kasoro.

Laiki kumi na moja. Komenti mbili, moja ni ya kuuza viatu vya mtumba vya soko la Memorial.

Hapa ndipo ninapokiri kwamba kijana ana elimu yake ambayo mimi sina. Yeye anaishi kwa kumfanya mtu anayepitisha kidole kwenye simu asimame. Ile posta ya uongo ilizungumzwa siku nzima, ya kweli ikapita kama gari la wagonjwa usiku wa manane. Wale mia na kitu walioiona ya kwanza, sidhani kama kumi waliiona ya marekebisho. Na ile ya kwanza mpaka leo inazunguka, nilirudishiwa wiki iliyofuata na shemeji yangu wa Arusha, na emoji ya kucheka, kwamba "mangi, mmeisha."

Wiki mbili baadaye nikarudi na wazo la picha za watu badala ya nguzo. Kijana akafurahi, akaanza kuchora mtu mmoja mkubwa mwekundu na mmoja mdogo. Nikamshika mkono. Ukimrefusha mtu mara mbili, anapanuka pia mara mbili, kwa hiyo jicho linaona jitu la mara nne. Ni mtego wa zamani. Kule Vienna, Austria, kwenye miaka ya 1920, Otto Neurath na wenzake, waliokuwa wakieleza takwimu kwa picha, walishauona, wakaweka kanuni: kikiwa kingi, rudia picha ileile ya ukubwa uleule, usiikuze. Nikamweleza kwa mfano wa karibu: mama wa nyanya hakuonyeshi nyanya moja kubwa kukwambia anazo nyingi, anapanga mafungu.

"Mafungu nimeelewa," akasema, na kweli alielewa. Mtu mmoja akawakilisha watu laki moja. Mistari minne. Juu 2012: Kilimanjaro watu kumi na sita na kipande, Arusha kumi na sita na kipande kikubwa kidogo. Chini 2022: sisi kumi na nane na zaidi ya nusu, wao ishirini na watatu na zaidi ya nusu. Hapo hadithi niliyoitaka tangu mwanzo ikaonekana bila rula: juu mistari miwili inalingana, chini mmoja umetoka nje kama ulimi. Wazo la kuwapa wale watu kofia za wapanda mlima ni lake, na nakubali limesaidia. Kichwa cha juu niliandika mwenyewe nyumbani: "2012 tulikuwa sawa. 2022 je?" Chanzo chini, herufi nene. Na safari hii alinitumia kama dokumenti, ikafika bila kubanwa.

Watu walisimama. Kichwa kile walikinakili neno kwa neno kwenye komenti, maana yake walikisoma, jambo ambalo maandishi ya pembeni hayakuwahi kulipata. Safari hii mtu aliuliza Arusha wanatoka wapi hao wote, mwingine akajibu utalii, mwingine akasema ardhi ya kwetu imegawanywa mpaka kihamba, yaani shamba la ukoo, kimebaki cha kuzikia, wakabishana mpaka usiku. Lakini komenti iliyoongoza kwa laiki ilikuwa kuhusu yule mtu wa mwisho aliyekatwa kwenye mstari wetu: "Huyu nusu ni mimi, mwili uko Kariakoo roho iko Kibosho."

Sasa, je, mwende kwake? Kwa kadi ya harusi nendeni macho yamefumba. Kwa takwimu nendeni, ila msimwachie namba peke yake. Mpelekee kichwa cha posta kimeshaandikwa, la sivyo atakuwekea "TAKWIMU ZA IDADI YA WATTU" kama alivyoniwekea mimi mara ya kwanza, na t mbili. Mwambie mapema nguzo zianzie sifuri. Kabla ya kulipa, ijaribu kwenye simu yenye kioo kidogo, tena mwombe mtu mwingine aisome, si wewe unayeijua tayari. Mimi siku hizi namshusha mpaka kwa fundi simu wa chini, asiposoma ndani ya sekunde chache tunapanda kurekebisha. Na mwombe faili halisi, si picha tu, maana kila herufi ukitaka ibadilishwe baadaye itakugharimu. Bei yake naiona ya haki ukilinganisha na muda anaoutumia. Tabia yake nzuri. Kinachomshinda ni kuamini kwamba kilichosimamisha mtu ndicho kilichomweleza, na katika hilo hayuko peke yake. Nyota tatu na nusu, ile nusu kwa ajili ya zile kofia.

Ile ya tatu nilimwomba anichapishie kwenye karatasi kubwa, nikaibandika kwa baba mdogo anakouzia mbege, ambako hakuna wa kuuliza bando. Wazee wanawahesabu wale watu kwa kidole, mmoja mmoja, kisha wanarudia mstari wa Arusha wakidhani wamekosea. Jumapili iliyopita nilipopita nikakuta mtu amechukua kalamu ya wino wa bluu, akammalizia yule aliyekatwa mkono na mguu uliobaki. Tumetimia kumi na tisa. Kwa hesabu ya pale ukutani, tumeongezeka watu elfu thelathini na nane kabla hata ya Desemba.