TAHADHARI wenye mashua: mabamba ya "316" ni 201

Enyi jamaa wa Lamu, yule muuzaji anayeteremsha mzigo Mokowe, mnamjua, msimpe hata shilingi. Mabamba ya usukani anayouza kuwa ni 316, chuma cha pua kinachostahimili chumvi, ni 201, chuma cha pua hafifu. Mwizi mkubwa!

Anayatandaza juu ya gunia, yanang'aa kama kioo. Anatoa sumaku mfukoni, anaipitisha taratibu kutoka ncha hadi ncha. Haishiki. "Ingekuwa feki ingeng'ang'ania," anasema, kisha anakutia sumaku mkononi ujaribu mwenyewe. Mafundi watatu wamejaribu pale pale, hakuna iliposhika, pesa zikatoka. Nani asingeamini alichokishika kwa mkono wake?

Sumaku haipimi kutu. 304 (chuma cha pua cha kawaida) na 316 hazishiki kwa sababu nikeli imepanga chembe za chuma kwa namna isiyovutwa na sumaku. Kwenye 201 nikeli imekatwa hadi asilimia 3.5 mpaka 5.5, pengo likajazwa manganisi, 5.5 mpaka 7.5, na sumaku haishiki vile vile. Kinachokosekana ni metali ya molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, ambayo 316 inayo. Kromiamu ndiyo inayovisha chuma ngozi nyembamba, na ngozi hiyo hujiponya ikipata oksijeni. Chini ya wosha, kwenye mbao iliyolowa, oksijeni haifiki na chumvi inaitoboa. Molibdenamu ndiyo inayozuia tundu lisiendelee kuchimba. Kwenye 201 utaona doa la rangi ya chai, ukilikwangua kuna shimo kama la sindano, limeshazama ndani. Hata 316 huchoka kwenye maji ya chumvi yaliyotuama, sembuse hiyo!

Na alivyochomelea zile bawaba za usukani ni balaa jingine: kaboni ikizidi asilimia 0.03, moto wa kuchomelea unaifunga na kromiamu, kandokando ya mshono panabaki bila kinga.

Cheti chake ni fotokopi, hakina mstari wa molibdenamu, wala namba yake haijagongwa kwenye bamba. Bei ilikuwa chini ya 304, hapo tu pangetosha kumshuku. Dawa ya matone yenye betri ya volti 9 inapima molibdenamu, lakini yeye hakubali kipimo hicho. Bolti za 316 zina alama ya A4 kichwani, zake hazina kitu.

Arudishe pesa zote, kisha apelekwe polisi, asiachiwe! Usukani ukichomoka ndani ya mlango wa bahari wa Mkanda watu wanazama. Mliokwisha kufunga, fungueni wosha za chini leo, kusi halijaanza.