Lasix ya mama yangu, mwezi wa saba sasa

Nilipoanza kumpa mama hizi dawa nilitafuta mtu aliyezitumia anieleze, sikupata, ndo maana naandika. Mama ana miaka 68, presha ya siku nyingi na moyo umetanuka, miguu ilijaa maji mpaka kandambili haziingii, ukimbonyeza na kidole gumba pale juu ya kifundo shimo linabaki unaliona kabisa. Daktari akamwandikia Lasix 40 mg, dawa ya kutoa maji ya ziada mwilini kwa njia ya mkojo, kidonge kimoja kwa siku.

Duka la dawa tuliponunua wakaandika 1x1 kwenye kibahasha basi, hakuna aliyesema saa ngapi. Mi nikampa saa mbili usiku baada ya kula. Jamani! Haikuisha hata saa nzima safari za chooni zikaanza, na choo chetu kiko nje, mama wa watu mpaka saa nane usiku anaenda anarudi na tochi, safari ya mwisho nusura ateleze kwenye ngazi. Nililia. Hii dawa inafanya kazi kama masaa sita hivi kwa hiyo mpe mgonjwa asubuhi. Siku za kliniki daktari alituruhusu anywe akisharudi, maana kwenye daladala utamshushia wapi?

Kazi yenyewe inafanya, tena vizuri. Wiki mbili kilo 74 zikawa 70, pumzi ikakaa sawa, akaacha kulalia mito mitatu. Presha nayo ilishuka ila ana dawa zingine za presha, siwezi kuipa Lasix sifa zote.

Mwezi wa pili misuli ya miguu ikaanza kumkaza usiku, mwili hauna nguvu. Kupima damu, potasiamu, yale madini ambayo misuli inayahitaji, iko chini, kumbe Lasix inaitoa na mkojo. Wakamwongezea spironolaktoni 25 mg ambayo inaizuia isitoke, akatulia. Ukianza hii dawa ulizia mapema kipimo cha figo na potasiamu, usingoje kama sisi.

Kingine diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Mama alikuwa anameza kimyakimya kwa ajili ya magoti, miguu ikavimba tena na Lasix anakunywa kila siku! Daktari akasema hizo dawa mbili hazipatani, na figo ndo zinaumia. Akaacha, na samaki wa chumvi tukapunguza, uvimbe ukashuka.

Nyota nne. Mzani tumenunua, kila asubuhi akitoka chooni anapanda kabla ya chai, nikiona kilo mbili zimeongezeka ndani ya siku mbili tatu nampigia daktari.