Faiba, 5G au dishi: tathmini ya intaneti ya biashara Nairobi

Ukiwa na ofisi ya watu kumi na wawili Nairobi, nunua laini mbili za wastani kabla hujafikiria moja ya bei ghali, na uhakikishe hizo mbili hazipiti nguzo moja. Ankara za eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi, KRA), malipo ya M-Pesa kwenye kaunta, simu za wateja na mikutano ya video vyote vinategemea intaneti, na ikikatika saa nne asubuhi kazi inasimama. Ndiyo maana tathmini hii inaangalia zaidi jinsi kila huduma inavyokatika na inavyorudi. Megabiti za kwenye tangazo zinakuja baadaye.

Faiba ya kugawana, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayotumiwa na wateja wengi, inaongoza. Hii ndiyo inayouzwa kama kifurushi cha biashara ndogo katika majengo mengi ya Westlands, Kilimani na katikati ya jiji. Uzi mmoja kutoka kituo cha kampuni hugawanywa kwa wateja 32, wakati mwingine 64, na kwa kawaida wote huchota kwenye gigabiti 2.5 za kupakua na 1.25 za kupakia. Mchana ofisini hilo halisumbui sana, kwa kuwa msongamano mkubwa huja usiku, watu wakiwa nyumbani mbele ya runinga. Udhaifu wake ni njia inayopita. Kebo nyingi zimening'inizwa kwenye nguzo: lori lenye mzigo mrefu huiburuta, tingatinga la barabara huifukua ile iliyozikwa, na mwizi anayetafuta shaba huikata kabla hajajua kuwa ndani ni kioo. Kuiunganisha upya ni kazi ya saa kadhaa.

Fundi akimaliza kuiweka, usitie sahihi mpaka akuonyeshe kiwango cha mwanga, kinachopimwa kwa dBm, kwenye ONT, kile kisanduku kinachopokea uzi wa faiba ofisini. Kati ya dBm -15 na -24 ni salama. Ikisoma -27 iko ukingoni, na vumbi kidogo tu kwenye kiungo litaizima. Uzi usikunjwe kwa kona kali nyuma ya meza, na ncha ya kile kiungo cha kijani isiguswe kwa kidole. Andika namba hiyo juu ya kisanduku. Siku laini ikianza kuyumba, utawaambia huduma kwa wateja kwamba ilikuwa -19 na sasa ni -26, nao watakuwa na sababu ya kutuma fundi badala ya kukuambia uzime uwashe.

Hesabu ya kasi ni rahisi kuliko wauzaji wanavyoifanya. Watu watano kwenye mikutano ya video kwa pamoja, megabiti 4 kila mmoja, ni 20. Kamera nne zinazohifadhi picha nje ya ofisi, megabiti 2 kila moja, ni 8. Tayari ni 28, na zote ni za kupakia. Megabiti 50 zinatosha, mradi kupakia nako kuwe 50. Uliza swali hilo kwa maneno hayohayo.

Faiba maalum, isiyogawanywa, bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kugawana. Unachonunua hasa ni ahadi. Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.5 ya muda inaruhusu laini ikatike saa 3 na dakika 36 kwa mwezi wa siku 30, asilimia 99.9 inaruhusu dakika 43. Soma kandarasi polepole hapo: "kushughulikia ndani ya saa 4" si kurekebisha ndani ya saa 4, na fidia huwa punguzo la bili, haikurudishii mauzo ya siku. Tingatinga nalo halibagui uzi wa bei ghali. Inamfaa mwenye seva ofisini, kituo cha kupokea simu au matawi yanayosoma hifadhidata moja. Wengine wasubiri.

5G ndiyo akiba bora kwa sasa. Safaricom iliizindua kibiashara Oktoba 2022, Airtel ikafuata Julai 2023. Ruta yake iwekwe dirishani upande wa mnara, wala si kwenye kabati la chuma pamoja na vifaa vingine. Fungua ukurasa wake wa mipangilio uangalie RSRP, yaani nguvu ya mawimbi kutoka mnarani: -90 au juu ya hapo ni vizuri, ikishuka chini ya -110 tafuta antena ya nje au mtandao mwingine. Ina tatizo moja kubwa: faiba ikikatika mtaa mzima, majirani wote wanakimbilia mnara uleule. Kwa hiyo chukua kadi ya simu ya kampuni tofauti na inayokuuzia faiba, ili hitilafu ya kampuni moja isikuzimie zote mbili.

Starlink, intaneti ya setilaiti inayopokelewa kwa dishi, ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Haigusi nguzo wala mnara, na hiyo ni sifa kubwa. Lakini inataka anga wazi, na kati ya maghorofa ya Kilimani anga hiyo iko juu ya paa, kwa ruhusa ya mwenye jengo. Novemba 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa kujaa, kabla ya kufungua tena 2025. Kwa ghala la nje ya mji ambako faiba haijafika, ichukue bila kusita. Mjini iwe ya tatu.

Muulize pia kila muuzaji trafiki yake inatoka nchini kupitia Mombasa kwa kebo zipi za chini ya bahari: TEAMS, SEACOM, EASSy, LION2 au PEACE. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ya Kenya ikadorora. Aliyekuwa na kampuni mbili zinazotegemea kebo hizohizo alilipa bili mbili kwa tatizo moja.

Laini mbili bila ruta ya kuzibadilisha ni pesa iliyolala. Kosa linaloonekana mara nyingi ni ruta kuachwa iangalie waya tu. Faiba ikikatwa barabarani, waya kati ya ONT na ruta bado uko hai, kwa hiyo ruta inaamini mambo ni sawa na haihami. Iambie ijaribu anwani mbili za mbali, kwa mfano 1.1.1.1 na 8.8.8.8, kila sekunde 5, na ihame zote zikishindwa mara tatu mfululizo. Isirudi mapema, ingoje dakika 5 za utulivu, la sivyo itakuwa inaruka huku na huku na kukata kila simu. Ikiwa kwenye akiba, zuia kamera na masasisho ya kompyuta yasimalize bando.

Kisha stima. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa JKIA ukiwemo. ONT, ruta mbili na swichi ya mtandao hula takriban wati 55. Betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina Wh (wati-saa) 1,200. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, na kutoa hasara ya inveta, unabaki na kama 510: saa tisa hivi. Ongeza dishi la Starlink, wati 75 hadi 100, na saa hizo zinashuka hadi tatu na nusu.

Mwisho, jaribu. Jumamosi jioni chomoa uzi wa faiba kwenye ONT, usizime umeme, kwa sababu kuzima kunaficha lile kosa la ruta. Hesabu sekunde. Toa ankara moja ya eTIMS, pokea malipo moja, piga simu ya video. Rudisha uzi, uone kama inangoja zile dakika tano. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na kila mara fundi yeyote anapogusa kabati la vifaa.