Mafunzo ya tetemeko shuleni kwetu Bukoba: watoto wameelewa, ila madarasa yetu hawakuyaangalia

Naandika kwa wazazi na walimu wa Kagera wanaouliza kama hawa watu wa mafunzo ya majanga wanaozunguka mashuleni wanafaa kuitwa. Shuleni kwetu, msingi ya serikali, kamati iliwaita na wazazi tukachangia, na mi nikiwa mjumbe nilikaa pale toka asubuhi mpaka wanafungasha vitu vyao. Nawapa nyota tatu kati ya tano.

Mwezeshaji anajua kuongea na watoto, hakuwatisha hata kidogo. Ardhi ikitikisika inama, funika kichwa na shingo, shikilia kitu, msikimbilie mlangoni wote kwa mpigo. La pili na la tatu walirudia mpaka wakawa wanafanya wenyewe bila kuambiwa, na watoto wa awali kila mmoja alipangiwa mkubwa wa kumshika mkono wakati wa kutoka. Alafu walimu walifundishwa kutoka na rejista ili wakifika uwanjani waite majina, na kuna mtoto alifichwa stoo makusudi waone kama mwalimu atagundua, akagundua fasta. Hapo kiukweli nilifurahi sana.

Sasa madawati. Picha zao zinaonesha mtoto kaingia chini ya meza pana, yuko peke yake, wakati dawati letu limeungana na benchi, wanakaa watatu, chini kuna ubao wa madaftari na chuma cha kukanyagia, mtoto wa la saba haingii hata ajikunje vipi. Walijaribu wakagongana vichwa na mwezeshaji akawa anasema tu jitahidini, jitahidini. Hapana jamani! Ilibidi mwalimu wetu mmoja ndo aseme wapige magoti katikati ya madawati, mbali na madirisha na ukuta, wajikunje na mikono iwe shingoni, mwenye begi aliweke kichwani.

Kengele nayo. Kila zoezi lilianza kwa kengele kwahiyo watoto wakazoea kuisubiri, wakati tetemeko ishara yake ni ardhi yenyewe, kengele ingetunzwa kwa ajili ya kutoka nje mtikisiko ukishaisha. Na sehemu ya kukusanyika waliichagua pembeni ya tenki la maji lililopandishwa kwenye mnara wa matofali, nilipowaambia wakahamisha, ila mtu wa majanga alitakiwa alione hilo kabla yangu.

Nasema kwa ukali kidogo kwasababu sisi yalitukuta. Tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka, shule za sekondari Ihungo na Nyakato majengo yaliharibika vibaya mpaka ikabidi kujengwa upya. Ilikuwa Jumamosi, kama saa tisa na nusu alasiri, madarasa ya msingi matupu. Mi kila nikipita shuleni saa nne asubuhi nikaona darasa lilivyojaa nawaza ile ingetokea siku ya masomo ingekuwaje, kuta zenyewe ni za matofali na madirisha yana nondo, njia ni mlango tu.

Kuhusu hela, zoezi lenyewe halina gharama. Kule California wana ShakeOut, zoezi la tetemeko linalofanywa na watu wengi kwa siku moja, ilianza 2008, siku hizi ni kila Alhamisi ya tatu ya Oktoba, shule inajiandikisha bure na kufanya yenyewe. Kwahiyo mkiamua kuwalipa hawa, waambieni waje siku moja kabla wapite darasa kwa darasa, waone madawati, milango inafungukia wapi, makabati yamefungwa ukutani au yamesimama tu, na mtoto asiyetembea atatolewa na nani (hili kwetu halikuguswa kabisa, na tunaye). Namba ya zimamoto 114 ibandikwe ofisini kwa maandishi makubwa.

Sisi tumekubaliana na Mwalimu Mkuu zoezi lirudiwe kila muhula tukisimamia wenyewe, na linalofuata tutalifanya wakati wa mapumziko, watoto wakiwa wametawanyika, wengine uwanjani, wengine chooni.