Uchambuzi: Wi-Fi ya Meshi, Kebo na Betri ya Ruta kwa Nyumba za Mombasa

Asalamu aleikum, watazamaji wangu, na karibuni. Mezani hapa nimeweka vitu vitatu vinavyouzwa kwa wingi katika maduka ya vifaa vya elektroniki mjini Mombasa: seti ya Wi-Fi ya meshi yenye vipande viwili, yaani ruta ndogo zinazoshirikiana kueneza Wi-Fi nyumba nzima, kebo ya mtandao ya daraja la Cat6, na betri ndogo ya akiba inayoiwezesha ruta kuendelea kufanya kazi stima inapopotea. Nitavichambua kwa kuvilinganisha na nyumba zetu za Pwani, kwa sababu kifaa kinachosifiwa katika nyumba ya mbao kule ng'ambo kinaweza kushindwa kabisa mbele ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Nina neno moja ambalo naomba mlishike tangu mwanzo: kasi mnayoilipia kila mwezi mara nyingi hufika mlangoni ikiwa kamili, kisha ikapotea humo humo ndani, na anayeongeza kifurushi kabla ya kuitazama nyumba yake huwa amelipia kasi asiyoipata.

Watu wengi hapa huuliza kwa nini intaneti iwe nzito ilhali nyaya za chini ya bahari zinatua kwetu. Ni kweli zinatua kwetu. TEAMS, inayotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Hata hivyo, kukaa Nyali karibu na mahali waya unapotoka baharini hakukupi kasi zaidi ya mtu wa Changamwe, kwa kuwa mawasiliano yako hupitia kwanza katika mitambo ya kampuni inayokuhudumia. Yapo matatizo ambayo hakuna kifaa cha nyumbani kinachoweza kuyatibu, kama ilivyokuwa Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikahisi uzito wake. Siku kama hizo msihangaike kuhamisha ruta. Siku nyinginezo zote, anzeni uchunguzi nyumbani.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi. Unganisha kipakatalishi na ruta kwa kebo, zima Wi-Fi yake, kisha pima kasi, mara moja asubuhi na mara nyingine saa mbili usiku, wakati majirani wote wako mtandaoni. Ukipata kile unacholipia, kampuni imetimiza sehemu yake, na kinachobaki ni chako. Baada ya hapo chukua simu, simama chumba kimoja na ruta, pima tena. Halafu nenda katika chumba kinachokusumbua, upime mara ya tatu. Tofauti kati ya vipimo hivi vitatu itakueleza ni wapi kasi inapotea, na itakuepusha kununua kitu usichokihitaji. Kumbukeni tu kwamba kampuni huuza megabiti ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 100 kwa sekunde hupakua megabaiti 12.5 kwa sekunde, wala hapo hamjaibiwa. Na kwa anayedhani kwamba megabiti 20 ni haba, Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 15 kwa picha za 4K na 5 tu kwa HD kamili.

Sasa, nyumba za Mombasa zina maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine. Katika Mji wa Kale, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba chumba cha pili kutoka kwa ruta kinaweza kukosa mawimbi kabisa, lakini unene huo huo huzuia Wi-Fi ya jirani isiingie kwako. Katika majengo ya fleti ya Tudor, Bamburi au Mtwapa, kuta za ndani ni za matofali ya saruji yenye uwazi, mawimbi hupenya bila shida kubwa, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa: ruta za jengo zima husikilizana na kungojeana. Wi-Fi husafiri hasa kwa masafa mawili ya redio, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na jengo lenye nyumba ishirini haliwezi kugawana chaneli tatu kwa raha. Kwa anayeishi fleti, hatua ya kwanza haigharimu hata shilingi: ingia katika mipangilio ya ruta, hamisha simu, runinga na vipakatalishi kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo yana chaneli nyingi zaidi na hayapenyi sana katika nyumba za wengine. Yale ya 2.4 yaachie vifaa vidogo vinavyohitaji umbali kuliko kasi.

Tuje kwenye seti ya meshi. Kipande cha kwanza huunganishwa kwa kebo na kisanduku cha faiba, kile kinachofungwa na kampuni, cha pili huwekwa mbali kidogo, na simu yako huona jina moja la Wi-Fi nyumba nzima, ikihamia kwenye kipande kilicho karibu kadiri unavyotembea. Inafanya kazi vizuri, nami naipendekeza kwa dhati kwa nyumba ya Mji wa Kale au nyumba ya ghorofa ya familia kubwa, kwa sharti kwamba kipande cha pili kiwekwe mahali panapostahili. Wengi hukipeleka moja kwa moja katika chumba kisicho na mawimbi, kisha wanalalamika kwamba kifaa ni kibovu. Kipande hicho hakizalishi intaneti. Hupokea kutoka kwa mwenzake na kuitoa upya, na kikipokea kidogo kitatoa kidogo. Mahali pake ni nusu ya njia, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu. Katika nyumba za kale, nimeona kwamba mahali pazuri kuliko pote ni penye ngazi, kwa sababu uwazi wa ngazi hupandisha mawimbi kutoka chini hadi darini bila kupita katika jiwe, na baada ya hapo ni kandokando ya mlango, kwa kuwa mbao, hata ile nene ya milango yetu ya nakshi, huyapitisha mawimbi vizuri kuliko ukuta uliouzunguka. Epukeni kukiweka nyuma ya friji, nyuma ya kioo kikubwa cha ukutani au kando ya tangi la maji. Chuma na maji ni maadui wa mawimbi, na kioo cha kujitazamia kina utando wa metali mgongoni mwake.

Kasoro ya meshi isiyotajwa kwenye boksi ni kwamba seti za bei nafuu, zenye masafa mawili pekee, hutumia masafa yale yale kuzungumza na simu yako na kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo kasi kwenye kipande cha pili inaweza kushuka hadi karibu nusu. Dawa yake ni kuviunganisha vipande kwa kebo, jambo ambalo seti nyingi zinaliruhusu, na hapo seti ya bei ya wastani huweza kuishinda ile ya bei ghali inayotegemea hewa peke yake. Jingine ni kwamba ikiwa kisanduku cha kampuni nacho ni ruta, mtakuwa na ruta mbili zinazofuatana, na baadhi ya michezo, kamera na simu za video zitasumbua. Ingieni katika programu ya meshi mkachague hali ya kituo cha ufikiaji (access point), ili ugawaji wa anwani za mtandao ufanywe na kifaa kimoja tu. Vile virudishi vya Wi-Fi vya bei ya chini vinavyochomekwa kwenye soketi sivipendekezi. Vingi hupunguza kasi vivyo hivyo, na simu hung'ang'ania ruta ya mbali hata unapokuwa umesimama kando ya kirudishi. Wala msilipie Wi-Fi 7, kizazi kipya chenye kasi kubwa, kwa ajili ya kifurushi cha megabiti 20. Fedha hizo zina kazi nyingine katika uchambuzi huu.

Kazi hiyo ni kebo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote vitatu na ndicho kinacholeta badiliko kubwa kuliko vyote. Runinga, kompyuta ya mezani na kamera ya kurekodia havitembei, basi havina sababu ya kugombania hewa na simu. Kila kimoja kinachopata kebo huwaachia waliobaki nafasi. Kebo ya Cat5e, daraja lililo chini ya Cat6, hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, urefu unaozidi mahitaji ya nyumba yoyote ninayoijua mjini, hivyo Cat6 ni nyongeza nzuri lakini si lazima. Linalopaswa kuwashughulisha ni madini yaliyo ndani. Kebo nyingi za bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba juu, na fundi anapoichuna mnaona rangi ya shaba mkaridhika. Ikwangueni kwa kisu: ikionekana nyeupe chini ya ile rangi, irudisheni dukani. Alumini huvunjika inapokunjwa, na katika hewa yetu ya chumvi huliwa upesi sana pale inapogusana na shaba ya kiunganishi.

Hewa hiyo ya bahari haimwachi hata mwenye kebo nzuri. Kebo ya mtandao ina nyaya nane, na gigabiti moja huzihitaji zote. Zikisalia nne tu zenye afya, vifaa hukubaliana kushuka hadi megabiti 100 bila kumwambia mtu yeyote. Kwa hivyo, ukiona kipimo chako cha kebo hakivuki takriban 95 ilhali unalipia zaidi, tazama kwanza vichwa vya kebo. Ukiona ukijani au weusi kwenye meno ya shaba, mwite fundi akikate kichwa hicho na kuweka kipya, kazi ya dakika chache. Kwa nyumba zinazoelekea bahari, kule Kizingo au Shanzu, nashauri kuvikagua vichwa hivyo kila mwaka, na kebo inayopita nje iwe ile yenye ngozi nyeusi iliyotengenezwa kustahimili jua, kwani ile ya kijivu ya ndani hupasuka ikichomwa na jua na kuingiza maji ya masika.

Betri ya akiba ya ruta ni kifaa ninachokipenda, ila maandishi ya boksi lake yanahitaji kusomwa kwa makini. Wanaandika mAh 10,000 (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri), na mnunuzi hudhani ruta ya volti 12 itaishi usiku kucha. Hesabu hiyo imepigwa kwa volti 3.7 za seli ya ndani, kwa hiyo nishati halisi ni wati-saa 37, na baada ya upotevu wa kupandisha volti hubaki kama 30. Kisanduku cha faiba na ruta kwa pamoja vikitumia wati 10, mtapata saa tatu, na kwa stima inayopotea jioni na kurudi kabla ya kulala, hizo zinatosha. Kabla ya kulipa, someni adapta zenu: volti ziwe zile zile, iwe 9 au 12, na ampea za betri zisiwe chini ya zinazohitajika. Hakikisheni pia betri ina matundu ya kuwasha vifaa vyote viwili, kwa maana ruta iliyowaka kando ya kisanduku cha faiba kilichozimika haina faida. Isiwekwe juu ya ruta, kwani joto la Mombasa likiongezewa joto la kifaa hufupisha maisha ya seli za lithiamu. Na ulizeni kampuni yenu swali moja: faiba inafika ndani ya nyumba, au inaishia kwenye kabati la jengo? Ikifika ndani, njiani kwa kawaida hakuna kigawanyi kinachohitaji umeme, na betri yenu itawafaa. Ikiishia kwenye kabati lisilo na betri yake, jengo lote litakatika hata kama ruta yenu inawaka.

Mwisho nizungumzie kamera za usalama, kwa sababu zimeenea sana na ndizo zinazokula kifurushi kimyakimya. Kamera moja inayotuma video kwenye hifadhi ya wingu kwa megabiti 2 kwa sekunde, usiku na mchana, hutumia gigabaiti 21.6 kwa siku. Zikiwa nne, hesabu hiyo inakaribia gigabaiti 2,600 kwa mwezi, na baadhi ya vifurushi hupunguzwa kasi kabla ya kufika huko. Wekeni kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera, iwe ile iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kisha mwiagize kamera itume nje pale tu inapoona mwendo. Badilisheni nywila ya kiwandani siku ile ile ya kuifunga, kwa kuwa mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta kwa maelfu duniani kwa kujaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, na tabia hiyo haijakoma. Kamera nyingi hupokea masafa ya gigahezi 2.4 pekee, na ndiyo sababu wakati mwingine hukataa kuunganishwa na seti ya meshi, inayotumia jina moja kwa masafa yote. Fungueni mtandao wa wageni wenye masafa hayo, mziweke kamera zote humo, mbali na simu na kompyuta zenye mambo yenu ya benki.