Mgonjwa wa presha: kumsubiri kliniki au kumfuata nyumbani?

Kliniki ya presha ina jambo ambalo nyumbani halipatikani: tabibu anayeweza kubadilisha dawa, kuagiza vipimo vya figo na kusoma faili zima kwa pamoja. Ila kliniki humjua aliyefika tu. Aliyekosa tarehe yake, kwa kukosa nauli au kwa kuwa anajisikia mzima (na presha haiumi), faili lake hubaki kabatini bila mtu kumuulizia.

Mhudumu wa afya ya jamii huanzia hapo. Mwaka 2023 Kenya ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 hivi, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, pamoja na simu za kuingizia taarifa; kila mmoja hukadiriwa kuhudumia kaya 100. Huyu anajua nani kahama, nani kaacha vidonge. Hawezi kumwandikia mgonjwa dawa, na rufaa yake haina faida ikiwa kituoni hakuna wa kuipokea.

Fedha zikiwa haba, mimi ningeanza na mhudumu, mradi alipwe kwa wakati na kituo kimpe kila mwezi orodha ya waliokosa kliniki.