Presha kuka ya umeme ya lita 6: miezi 14 katika chumba kimoja, Mbeya

Kwetu Tanga, maharage yakibandikwa baada ya adhuhuri, alasiri huyakuta yameiva yanangoja tui. Nilipofika Mbeya kusoma, mwezi mmoja tu baada ya ndoa, niliyabandika kwa namna ile ile niliyofundishwa na mama, na hadi isha yalikuwa bado yanagonga kwenye mwiko kama kokoto. Mume wangu, ambaye hana tabia ya kulalamikia chakula, aliyatafuna kimya kimya, kisha akaniuliza kwa upole kama nilisahau kuyaloweka. Sikusahau. Mji huu uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi maji huchemka kwa joto pungufu kwa takriban nyuzi moja, hivyo sufuria inayotokota kwa nyuzi 100 Tanga hutokota hapa kwa nyuzi 94 hivi, wala haipandi zaidi hata ukiongeza makaa mpaka jiko lifurike. Moto mwingi hukausha maji tu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonipeleka kununua presha kuka ya umeme, na tathmini hii nawaandikia wanafunzi wenzangu waliooa au walioolewa, wanaoishi mbali na kwao katika chumba kimoja, ambao wamekiona chombo hiki dukani wakajiuliza kama si anasa.

Hali yetu ni ya kawaida, na naieleza kwa sababu chombo cha jikoni hakipimwi nje ya nyumba kinamotumika. Mimi niko mwaka wa tatu, mume wangu anasomea uuguzi katika chuo kingine upande wa pili wa mji na mara nyingi huwa na zamu za mafunzo wodini. Kati yetu wawili, mkopo wa serikali ninao mimi peke yangu, na posho ya kujikimu ya mkopo huo, yaani boom, ni shilingi 10,000 kwa siku, kiasi kilichokusudiwa tumbo moja. Tulianza ndoa na jiko la mkaa na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6. Mkaa ulikuwa rahisi kupatikana, lakini mwezi wa Juni na Julai, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, kishawishi cha kuliingiza jiko ndani ili lipike na kupasha chumba ni kikubwa mno, na kila mwanafunzi anayeishi nyanda za juu amewahi kusikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Gesi nayo ni nzuri kwa chai na mayai, ila maharage yanayochukua saa mbili na nusu humfanya mtu asikilize mtungi kama anayemsikiliza mgonjwa.

Chombo chenyewe nilikinunua sokoni Mwanjelwa kwa shilingi 135,000, baada ya boom kuingia na baada ya mabishano ya siku tatu. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa nimezifungua tatu za majina tofauti kwa marafiki na ndani yake hazitofautiani kwa jambo la maana: kuna sahani ya kupashia moto ya wati 1,000, sufuria ya ndani inayotoka, mfuniko unaojifunga kwa kuzungushwa, mpira mweupe unaozunguka ukingo wa mfuniko, vali ya kutolea mvuke, na pini ndogo inayopanda presha inapojaa na kushuka inapokwisha. Mvuke ukizuiliwa humo, joto la maji hupanda kupita nyuzi 110, na hapo ndipo mlima unaposhindwa.

Sasa niseme kuhusu dakika, maana hapa ndipo matangazo yanapodanganya kwa kusema nusu ya ukweli. Kwenye boksi imeandikwa kwamba maharage huiva kwa dakika 25. Ni kweli kwamba yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa dakika 25 za presha, lakini kabla ya hapo chombo huchukua karibu robo saa kupata presha, na baada ya hapo kinahitaji robo saa nyingine, au zaidi, kutulia chenyewe kabla hujafungua. Kwa hiyo hesabu ya haki ni saa moja. Makande ya mahindi yaliyokobolewa nayawekea dakika 50, nyama ngumu ya ng'ombe dakika 35, na kongoro saa nzima. Hata kwa hesabu hiyo bado ni nafuu kubwa, hasa kwa kuwa katika saa hiyo husimami jikoni. Nimesomea mitihani miwili ya muhula nikiwa nimeketi kitandani, hatua tatu kutoka kwenye makande yanayojipikia, jambo ambalo jiko la mkaa halikuwahi kuniruhusu.

Tatizo kubwa la chombo hiki kwa mpangaji haliko kwenye chombo. Liko kwenye mita. Nyumba yetu ina vyumba vitano na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kila uniti zinapokaribia kuisha wapangaji huchanga sawa kwa sawa. Wiki ya pili baada ya boksi kuonekana likiingia getini, mama wa chumba cha mbele, mtu mwema ambaye ndiye aliyenionyesha soko siku yangu ya kwanza, alinisimamisha kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Mdogo wangu, tusifichane. Tangu hilo sufuria lako la umeme liingie, uniti hazikai. Wenzako wanaona uongeze elfu kumi kila tukichanga."

"Dada, sikatai," nilimjibu. "Ila Jumapili tukae pamoja tulipime kwanza, na likionekana linakula nitaongeza."

Jumapili hiyo tuliwaomba wote wazime kila kitu, tukaandika uniti zilizobaki, nikaweka nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa. Watoto wake walikaa mbele ya mita kama wanaotazama mpira. Chombo kilipozima chenyewe, mita ilikuwa imeshuka kwa uniti 0.4. Sababu ni kwamba wati 1,000 huvutwa mfululizo katika ile robo saa ya mwanzo tu. Presha ikishajaa, umeme unawaka na kujizima, kwa kuwa ukuta wa nje umezuia joto lisitoke. Sisi tunapita uniti 75 kwa mwezi, hivyo tunalipa bei ya kawaida ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika takriban 356, na chungu kile cha maharage ya siku mbili kikawa kimegharimu kama shilingi 140. Mwanafunzi anayekaa peke yake kwenye mita ya matumizi madogo, ya shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, atalipa chini ya nusu ya hapo.

Lililofuata sikulipanga. Mtoto wake mkubwa, kwa udadisi wa watoto, akataka tupime na hita ya kuchemshia maji ya kuoga. Ndoo moja ikala uniti 0.6. Ndani ya chumba chao huchemshwa ndoo tatu kila asubuhi. Hakuna aliyesema neno, na mimi nilijifanya nahangaika na mfuniko. Uongezaji wa elfu kumi haukutajwa tena, na tangu hapo mahindi na maharage yake huja kupikwa chumbani kwangu kila Jumamosi, nami hurudishiwa bakuli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa niliyoyaona, katika nyumba za kupanga jambo hilo litakwama kwanza kwenye mita ya pamoja, kabla halijafika kwenye bei ya jiko.

Sifa ambayo sikuithamini wakati wa kununua, na ambayo sasa naiweka mbele ya zote, ni ya kutunza chakula kikiwa cha moto. Zamu za mume wangu humrudisha saa 3 usiku, na mimi siku nyingine hutoka maktaba saa 4. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa mmoja wetu alikuwa akila chakula kilichopoa, au akiamka kupasha, na ugomvi mdogo mdogo mwingi ulitokea hapo. Sasa anayetangulia hupakua, hufunika, na anayefuata hukuta mvuke. Ipo pia saa ya kuchelewesha, ambayo hukuruhusu kuweka maharage na maji asubuhi ili mapishi yaanze saa 10 jioni. Hiyo itumieni kwa tahadhari. Kwa baridi ya Mbeya maharage hukaa ndani ya maji mchana kutwa bila kuchacha, lakini kwa joto la Tanga nisingethubutu. Tena umeme ukikatika hata dakika tano, saa hiyo husahau kila kitu. Tumewahi kurudi wawili, tukiwa na njaa, tukakuta maharage mabichi yametulia ndani ya maji yake. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, hata hivyo, hasara ni ndogo, kwa kuwa presha iliyomo huendelea kuivisha kwa muda mrefu usipofungua.

Upande wa wali sina habari njema kwa watu wa pwani. Mchele wa Kyela, ambao ni fahari ya mkoa huu na unanukia kabla haujaiva, nilioupika kwa kipimo cha kijitabu ulitoka bokoboko, na simaanishi bokoboko la sikukuu. Nilipunguza maji mpaka ukachambuka vizuri kwa kikombe kimoja cha maji kwa kikombe kimoja cha mchele, lakini wali wa nazi bado haujanipa ninachokitaka. Tui likiingia tangu mwanzo huganda chini na kuunguza, na chombo kikihisi kuungua hujizima. Kilichonifaa ni kupikia tui jepesi lililochanganywa na maji, kisha kumwagia kasimile, yaani tui zito, baada ya kufungua na kufunika tena bila presha. Ladha hupatikana. Ukoko haupatikani, wala pumzi ile inayokuja na kupalia makaa juu ya mfuniko, na mtu aliyelelewa kwa wali wa kupaliwa atajua tofauti kwa tonge la kwanza. Kwa maharage ya nazi hakuna upungufu huo, maana tui lake huwekwa mwishoni, na nazi zenyewe hapa ni ghali kiasi kwamba hupendi kuzijaribia. Ugali hausongwi humo. Mtungi wa gesi basi haukuondoka, ila uliokuwa ukiisha kwa wiki tatu sasa hufika ya saba.

Kuhusu usalama, mama mkwe wangu aliposikia jina presha aliuliza kwenye simu, "Likilipuka mtakimbilia wapi, mwanangu, na chumba chenyewe kimoja?" Nilimweleza kwamba mfuniko haufunguki presha ikiwemo, akasema hewala, kwa sauti ya mtu asiyeamini. Kisa pekee cha kutisha nilikisababisha mwenyewe: nilijaza makande karibu na ukingo, maganda yakapanda na povu yakaziba vali, na mvuke ukatafuta njia pembeni kwa mlio uliowatoa majirani vyumbani. Vitu vinavyotoa povu visipite nusu ya sufuria, na vali ichomolewe na kuoshwa kila baada ya kupika. Hatari iliyo kubwa zaidi naiona ukutani. Wati 1,000 kwenye ekstensheni ya bei ya chini, pamoja na pasi na chaji za simu, huyeyusha plastiki. Yangu ilinuka kabla haijawaka, nami nikashukuru pua. Chomekeni moja kwa moja kwenye soketi, na kama soketi ya chumba inapata moto ukiigusa, mwiteni fundi kabla ya kununua chombo.

Malalamiko yangu ya mwisho ni ya duka, ambalo nalo silitaji. Waranti iliandikwa mwaka mmoja. Mwezi wa kumi tangu nikinunue, mpira ulilegea, mvuke ukawa unavuja na pini haipandi, na muuzaji akanieleza kwamba waranti ni ya sahani ya moto peke yake, kisha akaniuzia mpira wa lita 5 usioingia kwenye mfuniko wa lita 6. Niliupata unaofaa kwa fundi wa vyombo pembeni ya soko kwa shilingi 8,000. Ningekuwa nanunua leo ningeomba mpira wa akiba siku ile ile, kabla sijatoa hela, maana ndio unaochakaa kwanza na bila huo chombo kizima ni sufuria ghali.

Mpira huo una tabia nyingine ambayo hakuna kijitabu kilichonionya. Hunywa harufu. Mama alinitumia papa mkavu kwa basi kutoka Tanga, furushi lililofungwa kwa magazeti na nailoni lakini likatangazwa na pua kabla halijafunguliwa, nami nikampika na nazi kwa furaha ya mtu aliyeonja nyumbani. Kwa wiki mbili baadaye wali wetu, makande yetu, na maharage ya jirani yalikuwa na papa. Niliuosha mpira kwa ndimu, kwa siki, nikauanika juani, haukusikia. Sasa nina miwili: mmoja umefungwa uzi mwekundu na ni wa papa, mwingine ni wa vyakula vingine vyote.